Shirika la punda linakuja kwetu, wanatibu bure. Wanafaidika nini?

Mzee wa Mkokoteni (Mwea)

Wanajamvi, salamu kutoka Mwea, Kenya. Nina punda wanne wa kazi. Wawili wanavuta asubuhi, wawili jioni, na mpunga ukianza kuvunwa wote wanne hawajui kupumzika. Msimu ukiisha nabeba maji, mchanga, mawe ya kujengea, chochote kinacholipa. Punda hao ndio walionisomeshea watoto, kwa hiyo asitokee mtu wa kuniambia siwajali.

Lililonileta ni hili. Chifu alituita barazani akatutambulisha kwa vijana wawili na dada mmoja kutoka shirika la kutetea wanyama. Wanasema watakuwa wakija kila mwezi kutibu punda wetu, kuwapunguza kwato, kuwapa dawa ya minyoo na kuwachanja, na hatutatoa hata senti. Wanachotaka ni tujiunge kikundi, kila mtu aandikishe jina, simu na idadi ya punda alionao. Wengi waliandikisha papo hapo. Mimi nikasema nitafikiria.

Sababu ni kwamba huku hatujasahau miaka ile punda walipokuwa wakiibwa wachinjwe kwa ajili ya ngozi. Jirani yangu alilala na punda watatu, akaamka na kamba. Leo mgeni anataka orodha ya nani ana punda wangapi na boma lake liko wapi? Halafu yule dada alikuwa akipiga picha za vidonda. Picha zinakwenda wapi? Nina dume mmoja ana kidonda juu ya shingo kisichosikia dawa. Nimempaka oili chafu, nimempulizia ile dawa ya buluu ya agroveti. Akikaa nyumbani kinakauka, nikimrudisha kazini kinafunguka. Naogopa wakimwona wanishtaki, au wamchukue.

Na swali la mwisho nauliza bila ubaya. Zahanati yetu dawa hakuna, watu wanaugua, halafu mtu atoke mbali aje kumtibu punda bure? Wanafaidika nini?

Aliyewahi kuishi nao anieleze.

Jogoo wa Mjini

Mzee, swali umeshalijibu. Wanapiga picha punda mwenye kidonda, picha inakwenda Ulaya, bibi mmoja analia, anatuma pesa, wao wananunua gari jeupe lenye nembo mlangoni. Wewe unabaki na punda wako na kidonda chake. Waambie kila picha ina bei.

Fundi Kwato

Jogoo, hilo la bibi wa Ulaya umelisema kwa mzaha lakini hukukosea sana, nitalirudia. Mzee wa Mkokoteni, shikamoo. Mimi ni mama wa Lamu. Nilisomea afya ya mifugo, nikaajiriwa na shirika la aina hiyo unayoisema, nikazungushwa Kitui, Machakos na Kajiado miaka mingi, begini tupa ya meno na kisu cha kwato. Sasa nimestaafu. Hakuna anayenilipa kuwasifu, na yapo nitakayowasema.

Wanafaidika nini? Mshahara wanapata, hilo tusifichane. Na pesa yenyewe haina siri. Chukua The Donkey Sanctuary la Uingereza. Elisabeth Svendsen alilianzisha kule Devon mwaka 1969, na mpaka leo sehemu kubwa ya fedha zake ni za wosia: mtu anafariki, katika mali yake ametaja watoto, ametaja kanisa, ametaja na punda. Ndivyo walivyo wenzetu, na hakuna aliyewalazimisha. Huyo mama ndiye aliyefika Lamu akaona punda wetu, na mwaka 1987 kituo cha kuwatibu kikafunguliwa mjini, pale mbele ya bahari. Asiyeijua Lamu ajue kwamba kule gari halina pa kupita. Saruji, mchanga, mawe, mitungi ya gesi, vyote vinaingia vichochoroni juu ya mgongo wa punda. Nimekua nikiona foleni ya punda mlangoni pa kituo kile na wenyewe wakibishana ni nani aliyetangulia kufika.

Brooke, shirika jingine la Uingereza ambalo limefanya kazi sana Kenya bara, wao chimbuko lao ni Cairo. Dorothy Brooke aliwakuta farasi wa jeshi waliouzwa huko baada ya Vita Vikuu vya Kwanza, wazee, mifupa mitupu, bado wanavutishwa mizigo mitaani. Akachangisha pesa, akawanunua kwa maelfu. Wengi walikuwa wamekwisha kabisa, hakukuwa na la kuwafanyia ila kuwaua bila maumivu. Mwaka 1934 akafungua hospitali. Nakutajia hayo kwa sababu ya hofu yako ya kunyang'anywa. Ukimnunua au kumchukua punda mgonjwa, mwenyewe anatafuta mwingine na kumfunga mkokoteni ule ule, na baada ya muda una wagonjwa wawili. Mashirika yanalijua hili. Isitoshe wakimchukua watamweka wapi? Watamlisha nini? Shirika linalofanya kazi kijijini linamhitaji mwenye punda kuliko linavyomhitaji punda, maana wao wanaonekana siku moja kwa mwezi na siku zilizobaki zote daktari ni wewe.

Kushtakiwa: sheria ipo, nawe uijue. Sheria ya Kuzuia Ukatili kwa Wanyama, Sura ya 360, inamtia hatiani anayempiga mnyama kikatili, anayemzidishia mzigo, au anayemtumikisha wakati hafai kazi. Lakini kukamata ni kazi ya polisi na maafisa waliopewa mamlaka hayo. KSPCA, chama cha kuzuia ukatili kwa wanyama cha Nairobi, ambacho mizizi yake ni ya mwaka 1910, hupokea malalamiko ya ukatili na kuyafuatilia, ila hawa wa kliniki za vijijini wakianza kushtaki watu, mwezi unaofuata watakuta uwanja mtupu. Wanalijua hilo kuliko wewe. Picha una haki ya kuzikataa. Waulize ni za nini. Ukijibiwa kwamba ni za kulinganisha kidonda leo na mwezi ujao, hiyo ni sababu nzuri. Ukijibiwa kwa kigugumizi, sema hapana na matibabu udai vilevile.

Sasa tuje kwa dume wako, maana hapo ndipo nilipokaa wima. Umesema kidonda kiko juu ya shingo, kinakauka akipumzika na kufunguka akirudi kazini. Sijamwona, lakini nitaweka dau: unatumia nira ya ng'ombe. Mti unaolala juu ya shingo, pengine uliurithi pamoja na mkokoteni.

Ng'ombe anavuta kwa ukosi. Ana nundu, ana nyama nene pale, mti unapata pa kuegemea. Punda hana nundu. Shingo yake juu ni ngozi na mfupa karibu karibu, na nguvu yake ya kuvuta iko kifuani. Ukimwekea nira anasukuma kwa mahali pasipo na nguvu, na kila gurudumu likigonga shimo, mti unaruka na kutua palepale. Ni sawa na wewe kutembea kutwa na kiatu kinachokusugua kisigino, halafu jioni upakwe dawa, kesho uvae kiatu kile kile. Hata angeletwa daktari bingwa, kidonda hicho hakifungi.

Anachotaka ni mkanda wa kifua. Upana wake uwe kama kiganja chako, usipungue. Tumia turubai nene au gunia lililokunjwa mara kadhaa likashonwa, ndani ujaze vitambaa vya pamba. Usitumie kamba ya nailoni wala ukanda uliokatwa kwenye tairi, hivyo vinakata nywele leo, ngozi kesho. Mkanda upite kifuani chini ya koromeo, asikabwe, na juu ya kiungo cha bega, miguu iweze kuchapa hatua. Ushikiliwe na ukanda mwingine mwembamba unaopita juu ya mabega ili usiteleze. Mgongoni pawe na mito miwili, mmoja kila upande wa uti wa mgongo, katikati pabaki mfereji ambao haugusi kitu. Na nyuma, watu wengi husahau hapa, pawe na mkanda unaozunguka mapaja. Huo ndio breki. Bila huo, mkiteremka mlima mkokoteni wote unamsukuma punda, na ndiyo sababu unawaona wengine wanateremka wakikimbia huku mwenyewe akidhani wana furaha.

Na mzigo uupange juu ya ekseli. Ukiujaza mbele, uzito unamkandamiza mgongoni. Ukiujaza nyuma, mikanda inamnyanyua kutoka tumboni. Ninyi watu wa magunia ya mpunga mnapenda kujaza nyuma kwa sababu ni rahisi kupakua.

Oili chafu acha. Najua inafukuza nzi, na ndiyo maana kila mtu anaitumia, lakini inaunguza nyama mbichi na uchafu wa injini unaingia ndani. Maji safi yaliyochemshwa yakapoa, chumvi kidogo, osha kila siku, kausha, mpumzishe. Kuhusu chanjo, ile ya pepopunda usiikatae hata kidogo. Ugonjwa huo una jina la punda kwa sababu nzuri: kidonda kidogo cha kwato kikiingia udongo, misuli inakakamaa, taya zinajifunga, na akifikia hapo sisi tulikuwa tunabaki kutazamana tu.

Nimesema yapo nitakayowasema. Mashirika haya yanapenda sana kuhesabu. Kila mwezi ripoti: punda kadhaa wametibiwa. Ukienda kuangalia, ni punda wale wale na vidonda vile vile, kila ziara anahesabiwa upya. Kwenye karatasi inapendeza, kwenye shingo ya punda hakuna kilichobadilika. Niliwahi kumwambia bosi wangu kwamba tulichofanya ni kumfuga yule mgonjwa, hakufurahi. Kwa hiyo ukitaka kujua kama shirika lako ni la maana, usihesabu sindano. Angalia kama wanakaa na fundi wa kijijini kumfundisha kushona mikanda, kama wanamshika mkono yule kijana wa mifugo aliye karibu nanyi ili uweze kumpigia saa nne usiku, kama wanazungumza na mwenye agroveti kuhusu dawa anazowauzia. Dawa ya bure ya kila mwezi ina sumu yake: kijana wa mifugo anakosa wateja, anafunga, anakwenda kuendesha bodaboda. Ufadhili ukiisha shirika linaondoka, na kijijini hakuna tena anayejua kumshika punda. Hilo nimeliona kwa macho yangu Kitui, na shirika lilikuwa na watu wazuri tu.

Suala la orodha ya majina na ngozi nitalirudia jioni, mjukuu ananivuta nguo.

Bi Ndoo (Shinyanga)

Wakuu, poleni na majukumu. Nawasoma nikiwa huku Shinyanga, Tanzania, naomba kuchangia kwa sababu machinjio ya punda tulikuwa nayo hapa hapa kwetu, na mengine yalikuwa Dodoma. Malori yalikuwa yanaingia yamejaa punda wamesimama wamebanana, wengine wameshaanguka wanakanyagwa. Desemba 2021 serikali yetu ikapiga marufuku uchinjaji.

Watu wakizungumza punda huwa wanamzungumza mwanaume na mkokoteni wake. Huku kwetu punda ni wa mama. Anabeba madumu ya maji, kuni, mahindi ya kupeleka kusaga. Mimi punda wangu alipoibwa, maji yalirudi kichwani kwangu na kwa binti yangu wa darasa la sita. Asubuhi akawa anachelewa shule, mwalimu anamchapa, na mwalimu hajui kwamba kosa ni la mtu aliyeuza ngozi. Bei ya kununua mwingine ilikuwa imeshapanda, hainunuliki.

Kwa hiyo kaka wa Mwea, ukiuliza kwa nini watu watibu punda wakati binadamu wana shida, mimi nakwambia shida yangu ya kibinadamu ilikuwa na miguu minne. Waliokuja kwetu hawakuwa na gari jeupe, walikuja na pikipiki.

Swali kwa Fundi Kwato: punda akibeba mgongoni, kiasi gani kinatosha? Huku tunaweka madumu manne ya lita ishirini.

Fundi Kwato

Bi Ndoo, madumu manne yaliyojaa ni kilo themanini. Kiasi kinachotajwa sana kwa punda wa kubeba mgongoni ni theluthi moja ya uzito wake. Punda zetu hawa wadogo wengi wana kilo mia na ishirini mpaka mia na hamsini, kwa hiyo ni madumu mawili, au kuzidi kidogo akiwa mkubwa. Najua hesabu hiyo inakuongezea safari, na hakuna shirika linalotembea safari hiyo badala yako. Kama mnaweza kuchanga wenzio kadhaa mkapata mkokoteni mmoja mwepesi, punda yule yule atavuta kwa raha zaidi ya anavyobeba, njia ikiwa tambarare. Sogi nalo, lile tandiko la kubebea mizigo, liwe limejazwa vizuri, dumu lisiguse mbavu.

Mzee, turudi kwa ngozi. Kiini chake ni ejiao, dawa ya asili ya Wachina inayotengenezwa kwa kuchemsha ngozi ya punda mpaka itoe gundi. Punda wa kwao walipopungua, wanunuzi wakageukia Afrika. Kenya ikaruhusu machinjio manne: Mogotio, Naivasha, Machakos na Turkana. Sensa ya 2009 ilikuta punda milioni 1.8 nchini, ile ya 2019 ikakuta kama milioni 1.2. Mwaka huo huo wa 2019 watafiti wa KALRO, taasisi ya utafiti wa kilimo na mifugo ya Kenya, walionya kwamba kwa kasi ile ya kuchinja punda wangeisha nchini ifikapo 2023. Si ajabu, ukimjua mnyama mwenyewe. Jike anabeba mimba kama mwaka mzima, wakati mwingine zaidi, anazaa mmoja, na huyo mtoto humfungi kazi kabla ya miaka mitatu au minne. Ng'ombe wa nyama unaweza kumpangia mavuno. Punda huwezi.

Serikali ikapiga marufuku mwaka 2020, mwaka 2021 Mahakama Kuu ikaibatilisha, tukarudi kushika roho. Februari 2024 wakuu wa nchi za Umoja wa Afrika wakakutana Addis Ababa, wakapitisha marufuku ya miaka 15 ya kuchinja punda kwa ajili ya ngozi barani kote. Hapo ndipo kazi ya mashirika isiyoonekana kijijini ilipozaa matunda. Kukaa na mawaziri, kupeleka takwimu, kuwaleta wenye punda wakazungumze wenyewe. Jogoo anaona gari jeupe, haoni kwamba kuna mtu alikaa ofisini miaka akiandika barua mpaka zikajibiwa. Marufuku ya Addis haimlindi dume wako usiku wa leo, lakini anayetaka kufungua machinjio ya ngozi sasa ana maswali mengi zaidi ya kujibu.

Kwa hiyo una haki kuogopa orodha, ila orodha hiyo hiyo ndiyo kinga. Palipokuwa na vikundi, punda akipotea usiku, alfajiri watu wote wenye punda wana habari, na njia zote za malori zina macho. Palipokuwa hakuna, mtu aliripoti peke yake akaambiwa labda amepotea malishoni. Fanyeni hivi: daftari la majina likae kwa katibu wa kikundi, mtu mnayemjua mpaka kwao. Shirika wapewe jumla tu, punda wangapi, madume wangapi, majike wangapi. Wakisisitiza kujua boma la kila mmoja, waulize kwa nini. Na kabla ya hayo yote, mwambie yule dada akuonyeshe cheti chake cha usajili. Kwa sheria ya mwaka 2011, anayetibu mifugo Kenya lazima awe amesajiliwa na Bodi ya Madaktari wa Mifugo, wasaidizi nao wamo. Mwenye nacho hakasiriki akiulizwa. Mimi nilikuwa nakitoa kabla hawajaniuliza, tena kwa maringo.

Jogoo wa Mjini

Mama nimenyamaza. Ila gari jeupe lipo, nimeliona.

Mzee wa Mkokoteni (Mwea)

Marahaba mama, na asante sana. Umenishangaza. Nira ni ya ng'ombe kweli, ilikuja na mkokoteni nilipoununua. Lakini nina maswali. Wale watatu wengine wanavaa nira ya aina hiyo hiyo, mbona hawana vidonda? Na nikianza kushona mikanda ya punda wanne, turubai si bei ya mchezo.

Kisha nina jike mzee, siku hizi anatafuna nyasi halafu anatema vidonge vidonge. Anakonda. Nilifikiri ni minyoo nikampa dawa, bado. Kijana wangu anasema tumwachie tu, ni uzee, kesho kutwa ataanza kula.

Fundi Kwato

Huyo jike ndiye wa kwanza, mengine yanangoja. Vidonge vya nyasi vinavyotemwa ni meno. Meno ya punda yanaota maisha yake yote na kusagika yanapotafuna. Yasiposagika sawasawa, kingo zinakuwa na ncha kali, zinamkata shavu kwa ndani na ulimi. Anatamani kula, akitafuna anaumia, anatema. Dawa ya minyoo haitafanya kitu. Anayejua kazi anamfungua kinywa, anapapasa, anasaga zile ncha kwa tupa, na kama kuna jino bovu analing'oa. Usikubali mtu aingize patasi na nyundo, nimeona taya lililovunjwa hivyo.

Na kijana wako mwambie asimngojee. Punda anaficha maumivu kuliko mnyama yeyote niliyewahi kumshika. Ng'ombe akiumwa kijiji kizima kinajua. Punda anasimama tu, masikio yameteremka kidogo, unadhani anasinzia. Ukiona ameacha kula kabisa, jua kwamba ugonjwa umeanza zamani, na kule kutokula kwenyewe kunamwua: mwili unaanza kumwaga mafuta yake kwenye damu, ini linashindwa, na siku chache zinatosha. Wakati unangoja kliniki, mkatie nyasi laini fupi fupi, mlowekee pumba kwenye maji iwe kama uji mzito, mwekee maji safi karibu. Akikataa na hiyo, usingoje kliniki, mpigie mtu wa mifugo siku hiyo hiyo.

Wale watatu wasio na vidonda: angalia nywele. Pale mti unapokaa, kama nywele zimegeuka nyeupe au zimetoka na ngozi imekuwa ngumu kama soli, hiyo ni kazi ya nira, bado haijapasuka tu. Huenda dume mwenye kidonda ni mrefu kuliko mwenzake, nira inalalia upande wake na yeye ndiye anayelipa. Mpange na wa kimo chake mpaka upate mikanda.

Turubai usinunue jipya. Waulize wanaouza maturubai ya malori yaliyochakaa, au mwenye kushona viti vya matatu, mabaki yanamtosha punda. Anza na mkanda mmoja wa kifua, mfunge dume kidonda kikishapona, si kabla. Ukiona unakaa vizuri, kata mingine kwa kipimo kile. Usipunguze upana kwa sababu kitambaa hakikutosha.

Siku ya kliniki mpeleke jike na dume asubuhi mapema, kabla jua halijawa kali na kabla foleni haijaudhi watu. Dume asitoke kazini akiwa na jasho. Nira nayo ibebe, uiweke chini mbele ya yule dada, umuulize: hii tatizo lake ni nini? Akikuambia nilivyokuambia, andikisha jina. Akichukua sindano moja kwa moja bila kuitazama nira, mpe mkono, mshukuru, halafu uniandikie hapa nikutafutie watu wengine.

Mzee wa Mkokoteni (Mwea)

Nimekupata mama. Kliniki ni Alhamisi. Jike nimemtengea pumba, amekula nusu ndoo. Nira nimeshaifungua, nitaibeba kwa baiskeli. Punda wote watapumzika mpaka hapo, mpunga wa watu utangoja.

Bi Ndoo (Shinyanga)

Kaka ukirudi tuwekee picha ya huo mkanda wa kifua, na vipimo. Huku mafundi wa turubai tunao.